Samadi ni nzuri, lakini dodo haisubiri

Kwenye bustani za mboga zinazoizunguka Kampala, kuanzia Wakiso hadi Mukono, ubishi haujabadilika miaka nenda miaka rudi. Anayetia urea, mbolea ya kiwandani, kwenye sukuma wiki huambiwa anaua udongo, na anayebeba samadi huambiwa anajichosha bure. Wote hubishana kana kwamba mboga zote zina umri mmoja. Dodo, yaani mchicha, huanza kung'olewa wiki ya tatu au ya nne tangu mbegu iote. Nakati, mboga ya majani ya jamii ya nyanya chungu, huhitaji mwezi na nusu au miwili. Sukuma wiki huchumwa majani miezi kadhaa. Kwa maoni yangu, umri huo ndio unaoamua mbolea ipi itamfaa mkulima.

Wanaotetea samadi wana hoja nzito, na inaanzia kwenye udongo wenyewe. Udongo mwekundu wa Buganda umeoshwa na mvua kwa karne nyingi, na mfinyanzi wake haushiki virutubisho ipasavyo. Kazi hiyo hufanywa zaidi na mboji. Ukimwaga urea mahali pasipo na mboji, mvua za Aprili huondoka na sehemu kubwa ya naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani, kabla mizizi haijaifikia, tena urea ikitumiwa mfululizo huuongezea udongo tindikali. Samadi huleta pia fosforasi, potasiamu na zinki, na huhifadhi maji. Kwa mboga ya majani hilo la maji si dogo: dodo iliyokosa maji hukimbilia kutoa maua, na mteja wa soko la Kalerwe jijini hainunui.

Hesabu ndiyo inayoitia samadi aibu. Gunia la urea la kilo 50 lina kilo 23 za naitrojeni. Samadi kavu ya ng'ombe yenye naitrojeni asilimia 1 lazima ifike kilo 2,300 ili iwe na kiasi hicho, na hata hapo ni sehemu tu inayoachiliwa msimu wa kwanza, nyingine hubaki ikioza taratibu. Gunia moja hupakiwa kwenye boda boda. Tani za samadi zinataka lori, koleo na vijana wa kulipwa. Anayesema samadi ni ya bure, mara nyingi ana ng'ombe nyuma ya nyumba.

Tena wengi wanaolima mboga pembezoni mwa jiji hukodi ardhi. Faida ya samadi huonekana zaidi msimu wa pili na wa tatu, na kufikia wakati huo huenda shamba limeshapewa mtu mwingine, au limemwagiwa matofali ya ujenzi. Sioni haki kumlaumu mpangaji anayechagua urea.

Samadi ya kuku inaonekana kuwa mwafaka, kwa kuwa ina naitrojeni nyingi kuliko ya ng'ombe na mabanda ya kuku yamejaa Wakiso. Lakini ile inayouzwa kwa magunia huwa imechanganyika na maganda ya kahawa au maranda yaliyotandikwa bandani. Ikizidi maganda, vijidudu vinavyoyaozesha hunyakua naitrojeni ya udongo, na nakati hugeuka njano katikati ya samadi tele. Ikiwa mbichi na kali, amonia yake huunguza miche.

Kuna na suala la afya. Kanuni za kilimo hai za Marekani hudai siku 120 kati ya kutia samadi mbichi na kuvuna zao ambalo sehemu yake inayoliwa hugusa udongo. Ndani ya siku hizo dodo hupandwa na kuuzwa mara tatu. Ni kweli dodo hupikwa, na moto huua vimelea, ila mikono inayofunga mafungu sokoni ndiyo hiyo hiyo inayoshika nyanya za kachumbari. Kwa hiyo samadi lazima iozeshwe kwanza. Kanuni hizo hizo zinataka rundo lifikie nyuzi joto 55 au zaidi kwa siku 15, huku likigeuzwa angalau mara 5. Kijijini fimbo husaidia kukisia tu, haipimi nyuzi: ichomeke katikati ya rundo lililofunikwa majani ya migomba, uichomoe, uguse kama ina joto.

Mwaka 2006 huko Abuja viongozi wa Afrika waliahidi kufikisha matumizi ya mbolea kilo 50 kwa hekta. Uganda imebaki mbali sana na kiwango hicho. Ukweli ni kwamba wakulima wetu wengi hawajachagua upande wowote: hawatii urea wala samadi, halafu tunawaita wakulima wa kilimo hai.

Mimi ningetia samadi iliyooza kwenye sukuma wiki, kisha dodo ifuate kwenye tuta hilohilo na kula masalia. Dodo ikipauka, urea kidogo isiyogusa majani haina ubaya, isipokuwa kwa mwenye cheti cha kilimo hai, ambacho hakiiruhusu. Huyo ana alizeti mwitu, yenye maua ya manjano kando ya barabara: majani yake yana naitrojeni nyingi na huoza ndani ya wiki chache. Gharama yake ni mgongo wa kuyakata na kuyabeba. Na anayekodi apatane kwanza na mwenye shamba kuhusu misimu mitatu, kwa maandishi, kabla lori la samadi halijamwaga mzigo.