Akiba haiozi, ila unga huingia fukusi

Bei zikishuka, nyumba nyingi hugawanyika. Mmoja anataka kabati lijazwe kwa miezi mitatu. Mwenzake anauliza pesa zinatoka wapi na mzigo wote huo utakaa wapi. Mimi ni wa kundi la kwanza, na sijajitoa. Lakini naona pande zote mbili hubishana kuhusu ukubwa wa punguzo, wakati kinachoamua ni kasi ya kula.

Hoja ya wanaojaza kabati ina uzito. Chumvi, sukari, sabuni na mchele vitatumika tu, iwe leo au mwezi ujao. Kuvinunua bei ikiwa pungufu kwa asilimia 20 ni faida ambayo ni nadra kuipata kwa pesa iliyolala benki miezi michache. Tena kipato kikikatika ghafla, mwenye mchele ndani ana wiki kadhaa za kupanga mambo yake. Utulivu huo hauonekani kwenye risiti.

Ila hesabu yenyewe ni nyembamba. Punguzo la asilimia 20 ni sawa na kupata pakiti 5 kwa bei ya 4. Ukitupa moja, umerudi ulipoanzia. Ukitupa mbili, aliyenunua kwa bei ya kawaida amekushinda. Na watu hutupa kweli: Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 hivi ya hizo zilitoka majumbani. Unga huingia fukusi. Mafuta ya kupikia huchacha yakikaa kwenye joto na mwanga. Mchele wa kahawia haudumu kama mweupe, kwa kuwa pumba yake ina mafuta. Hata maharage makavu, ambayo kila mtu huyasifia kwa uvumilivu, yakikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu hugoma kuiva, na ulichookoa dukani kinaishia kwenye moto.

Kuna hasara nyingine isiyopita jalalani. Kitu kikiwa kingi ndani, huliwa haraka. Mwaka 1998, watafiti Kusum Ailawadi na Scott Neslin walilipima jambo hili kwa kulinganisha mtindi na kechapu: ofa ziliongeza kasi ya kula mtindi kuliko kasi ya kutumia kechapu. Sishangai. Niliwahi kununua biskuti za mwezi mzima kwa bei ya ofa. Wiki ya pili haikuisha. Hakuna anayeamka usiku kwenda kulamba chumvi. Kwa hiyo kipimo changu siku hizi ni kitu kisichotamanisha: kinachochosha kukitazama ndicho kinachofaa kurundikwa. Soda, juisi na vitafunwa nanunua vya kutosha wiki, hata punguzo liwe nusu bei.

Suala la pesa ndilo gumu zaidi, na wahubiri wa kununua kwa wingi hulipita mbio. Mwaka 2019 Yesim Orhun na Mike Palazzolo walichapisha utafiti wa manunuzi ya karatasi za chooni nchini Marekani, bidhaa isiyooza na isiyoliwa. Waligundua kuwa kaya za kipato cha chini hazikunufaika na pakiti kubwa wala ofa kama kaya zenye uwezo, na sababu mojawapo ni ukosefu wa pesa mkononi. Mambo hayo mawili yanafungamana: asiyeweza kununua akiba hawezi kusubiri ofa ijayo, kwa sababu kitu kimemwishia leo. Kumwambia huyo anunue kwa jumla ni kumwambia asiye na viatu achague rangi ya kamba.

Akikopa ili awahi ofa, mambo huharibika kabisa. Chukua mkopo wa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, unaolipwa baada ya miezi mitatu. Bidhaa ya 100 ameipata kwa 80, ameokoa 20, lakini riba ya hiyo 80 ni 24.

Kwa mwenye kipato cha siku, nafasi iliyobaki ni ndogo lakini ipo: pakiti moja ya ziada ya kitu kile kile anachonunua kila wiki, ofa inapotokea, nyingine ofa inayofuata, ya zamani ikikaa mbele kabatini. Na kama hata hiyo moja inakula nauli ya kesho, aiache dukani.