Tundu la Ethi Likae Juu

Julai, hita yetu hapa Uyole, Mbeya, haipumziki. Mwaka jana mwezi huohuo nilisikia harufu ya plastiki inayoungua chumbani kwa watoto. Nikazima swichi kubwa, nikapiga magoti kuangalia. Waya wa hita ulikuwa umejikunja pale unapotokea kwenye plagi, ganda limepasuka, nyuzi za shaba ziko nje.

Soketi ile ilifungwa kichwa chini. Tundu la ethi, lile la waya wa usalama unaoelekea ardhini, lilikuwa chini, kwa hiyo waya, badala ya kuteremka sakafuni, ulikuwa unatoka kwa kupanda kisha unaanguka kwa uzito wake. Miaka miwili unajikunja mahali palepale, mwisho ukachanika.

Wakati wa ujenzi niliiona ile soketi na nikauliza. Fundi akanijibu, "Mama, umeme si unapita?" Unapita, ni kweli, wala simbishii hapo. Lakini nyumba hatujengi ili umeme upite tu.

Wamarekani wao wanabishana juu ya jambo hili, na wana sababu. Kanuni zao za umeme haziwalazimishi kuweka ethi juu wala chini. Vyuma vya plagi zao viko wazi hadi kwenye shina, kwa hiyo wanaopenda ethi juu husema kitu cha chuma kikiangukia plagi iliyolegea, bora kigonge ethi kwanza kuliko vyuma vyenye umeme. Sisi tunatumia soketi ya Kiingereza, ile ya kiwango cha BS 1363 kilichotoka mwaka 1947, na hiyo ilibuniwa ikiwa na juu yake na chini yake. Ukiitazama, ethi iko juu, waya wa moto (unaoleta umeme) kulia, nyutro (unaourudisha) kushoto. Ukiigeuza, moto unahamia kushoto, na fundi atakayekuja kesho na testa yake mkononi ataukuta asipoutarajia.

Kinachoniuma zaidi ni swichi yake. Soketi zetu nyingi ziko chini karibu na sakafu, na tunaziangalia tukiwa tumesimama. Swichi ikibonyezwa chini imewaka, na ule mstari mwekundu unajitokeza upande wa juu, unauona hata ukiwa mlangoni. Soketi ikigeuzwa, mstari unajificha upande wa chini, na kuzima inakuwa kubonyeza chini. Sasa mfikirie bibi ameona moshi, anakimbilia kuzima kwa mazoea ya swichi nyingine zote za nyumba.

Na wanaochomeka njiti ya kiberiti kwenye tundu la ethi ili chaja ya miguu miwili iingie, tafadhali acheni. Mguu wa ethi ni mrefu kuliko mingine, na katika soketi nyingi ndio unaofungua vifuniko vya ndani vya matundu mawili yaliyobaki. Vifuniko hivyo vimewekwa kwa ajili ya mtoto mwenye msumari mkononi.

Fundi wa pili, niliyemwita kurekebisha, alipofungua boksi la soketi ndipo nikaelewa kwa nini iligeuzwa. Paipu inatokea chini, na waya wa ethi ulikatwa mfupi mno, haufiki kwenye skrubu yake juu. Badala ya kuvuta waya mpya, yule wa kwanza aliigeuza soketi mpaka ukafika. Matundu ya skrubu za kufungia yako kushoto na kulia, basi soketi inakaa vizuri hata ikiwa kichwa chini, na ukuta ukishapakwa rangi unaona kazi safi. Ndiyo maana siku hizi nikiona soketi iliyogeuzwa kwa jirani, namwomba aifungulishe, kwa sababu nataka kujua ndani kulikatwa nini.

Kwangu, soketi tano zilizogeuzwa tumeshazirekebisha. Zimebaki mbili za jikoni, moja iko nyuma ya friji. Waya nimeshanunua sokoni Mwanjelwa, na fundi anakuja Jumamosi.