Kitufe cha FUTA kimeufuta mchezo wa shangazi

Jamani mi mwenzenu najifunza kudizaini muonekano wa app, na mwanzoni tu tukaambiwa msikimbilie kompyuta, chora skrini kwenye karatasi, tafuta mtu ambaye sio wa mambo haya ajaribu, na we ndo uwe kompyuta, yani akibonyeza kitufe unambadilishia karatasi, ila marufuku kumuelekeza. Kompyuta haiongei.

Mtu wangu ni shangazi wa Tandika, kijumbe wa mchezo, wamama 12, elfu kumi kumi kila wiki. Nikamchorea app ya mchezo wake. Karatasi zikaniishia, nikachana moja kwenye daftari lililokuwa juu ya friji, nyuma ina maandishi lakini nani ana muda wa kusoma.

Sasa kuna bwana anaitwa Fitts, Mmarekani, tangu 1954 alionyesha kwamba kitu kikiwa kikubwa na kiko karibu unakifikia haraka. Mi na ushamba wangu vitufe vyote nikavichora kama sahani, na FUTA ndo sinia kabisa.

Shangazi kavaa miwani. Skrini ya kwanza, INGIA.

"Niingie wapi tena, si niko kwangu?"

Kompyuta kimya. Akabonyeza, nikambadilishia. Akaandika jina la mtu akakosea, macho yakatua kwenye FUTA. Moyoni nikasema safi, anaelewa, karatasi inayofuata nishaishika mkononi. Mama wa watu akachovya ncha ya kanga kwenye glasi ya maji akaanza kufuta! Anasugua kama sufuria lililoungua pilau, rangi zinatapakaa, na mi siruhusiwi kuongea, nimeng'ata mdomo huku naandika pembeni "mtumiaji ana bidii".

Akaigeuza afute na huku. Akatulia.

"We mtoto, hii si orodha yangu ya waliolipa?"

Ilikuwa. Alikuwa anatumia zile peni za wino wa maji, majina yote yamegeuka Bahari ya Hindi. Na zile kanuni 10 za kudizaini za mtaalamu Jakob Nielsen za 1994 nilikuwa nimezibandika ukutani kabisa, tumia maneno anayoyajua mtumiaji, akikosea awe na njia ya kurudi nyuma. Nimezibandika, sijazisoma.

"Haya we kompyuta," shangazi kaninyooshea karatasi inachuruzika, "cha kurudisha kiko wapi?"

Jioni wamama wakaitwa mmoja mmoja, nani kalipa. Wamelipa wote 12. Na wa 13 naye kalipa, mpaka leo hatujui katokea wapi.