Kuangalia au kususa: Kombe la Dunia likitazamwa kutoka Ngamiani

Tanzania haijawahi kucheza fainali za Kombe la Dunia, lakini kila zinapofika, mtaa wetu wa Ngamiani hapa Tanga haulali. Vibanda umiza vinafurika, wenye ving'amuzi majumbani wanapata wageni wasiowaalika, na ubishi wa barazani unahama kutoka Simba na Yanga kwenda Brazil na Argentina. Ndani ya raha hiyo limeingia swali ambalo tangu mashindano ya Qatar ya 2022 halitaki kutoka: mtu mwenye dhamiri aendelee kuangalia mashindano haya, au ayasuse? Mimi naangalia, na nitaendelea kuangalia. Ila wanaotuambia tususe wana hoja nzito, na ni haki nianze nazo.

Kubwa kuliko zote ni maisha ya watu. Februari 2021 gazeti la Guardian la Uingereza liliripoti kwamba wahamiaji zaidi ya 6,500 kutoka India, Pakistan, Nepal, Bangladesh na Sri Lanka walikuwa wamefariki Qatar tangu nchi hiyo ipewe uenyeji mwaka 2010. Hesabu hiyo ilikusanya vifo vya kila namna, na Qatar iliipinga. Waandaaji walikuwa wakitaja vifo vitatu tu vilivyotokana moja kwa moja na kazi ya kujenga viwanja. Kisha Novemba 2022, mechi zikiwa zinaendelea, Hassan Al-Thawadi aliyeongoza kamati ya maandalizi akabanwa kwenye mahojiano na kutaja vifo kati ya 400 na 500. Kamati yake ikatoka kufafanua kwamba hizo ni takwimu za ajali za kazini za nchi nzima. Hata ukikubali ufafanuzi huo, bado unabaki na mamia ya familia zilizopokea majeneza.

Kwetu Tanga habari hizi zina sura za watu tunaowajua. Pwani hii ina ndugu Uarabuni toka enzi za majahazi, na siku hizi wanaoondoka ni mabinti wa kazi za ndani, madereva na walinzi. Mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, tumeujua kwa simu za usiku: binti analia, pasi ya kusafiria ameichukua bosi, mshahara haujaonekana. Saa za Doha ni zilezile za Tanga. Mechi ya saa nne usiku tuliiangalia saa nne usiku, na huenda mlinzi wa lango la uwanja alikuwa mtoto wa jirani wa mtu fulani katika mwambao huu.

Upande wa pili nao una uzito wake. Qatar ililegeza kafala mbele ya macho ya dunia. Mwaka 2018 wafanyakazi wengi waliondolewa sharti la kuomba ruhusa ya mwajiri ili watoke nchini. 2020 likaja badiliko la kuwaruhusu kuhama kazi bila ridhaa yake. 2021 kikaanza kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 kwa mwezi. Utekelezaji ulilalamikiwa sana, na kwa haki. Lakini siamini kabisa kwamba sheria hizo zingeguswa kwa kasi ile kama Kombe lingepelekwa kwingine na waandishi wa habari wa dunia wasingekuwa wanapiga hodi kila wiki. Mashindano yaliyowaumiza wafanyakazi ndiyo pia yaliyowapa wa kuwasemea. Hapo ndipo moyo unapogawanyika, na sioni njia ya kuuunganisha kwa urahisi.

Wanaosema kususa hakujawahi kusaidia kitu wamesahau historia yetu wenyewe. Kwa Kombe la 1966, Afrika, Asia na Oshenia zilipewa nafasi moja ya kugombania. Nchi za Afrika zikakataa na kujitoa, na England ikaandaa fainali bila timu hata moja ya bara hili. Fainali zilizofuata, Mexico 1970, Afrika ilikuwa na nafasi yake ya uhakika, na Morocco ndiyo iliyoichukua. Kombe la 2026, la timu 48, limeipa Afrika nafasi tisa za moja kwa moja. Safari hiyo ilianza kwa watu kukataa kucheza.

Mfano wa pili ni wa nyumbani zaidi. Mwaka 1974 huko Christchurch, New Zealand, mkimbiaji wetu Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, huku John Walker wa nchi wenyeji akimfukuza kwa nyuma. Dunia ilisubiri warudiane kwenye Olimpiki ya Montreal 1976. Hawakurudiana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu mwaka uleule wa mauaji ya Soweto, wakuu wa Olimpiki wakakataa kuifukuza New Zealand, na zaidi ya nchi 20, nyingi za Afrika na Tanzania ikiwamo, zikasusia. Walker akachukua dhahabu. Bayi alilipa kwa miguu yake gharama ya msimamo wa taifa zima, na nadhani hatujamshukuru vya kutosha. Lakini mwaka uliofuata nchi za Jumuiya ya Madola zilikubaliana huko Gleneagles kuzuia mahusiano ya kimichezo na Afrika Kusini. Gharama ile ilinunua kitu.

Kisha tazama 1980. Rais Carter wa Marekani alitaka dunia isusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu Wasovieti walikuwa wameivamia Afghanistan, akamtuma bondia Muhammad Ali kuja kutushawishi Waafrika, akianzia Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Tanzania ikaenda, na Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi na medali mbili za fedha, ambazo hadi Olimpiki ya Paris 2024 zilikuwa bado ndizo pekee tulizonazo. Serikali ileile ilisusa mara moja na kukataa kususa mara nyingine ndani ya miaka minne. Wengine wataita kigeugeu. Mimi naona busara: waliuliza ni nani anayeomba, kwa ajili ya nani, na tukisusa nani atahisi.

Swali hilo la mwisho ndilo linalonifanya nisizime televisheni. Waliosusa 1966 na 1976 walikuwa wachezaji na mataifa. Bila wao shindano lilipungua. Mtu aliyekaa kwenye benchi la kibanda umiza pale Makorora hana cha kupunguza. Kati ya 2019 na 2022 FIFA iliingiza zaidi ya dola bilioni 7.5, karibu nusu yake kutokana na haki za matangazo, na haki hizo huuzwa mapema kabla ya filimbi. Nikisusa, atakayehisi ni mwenye kibanda na mama anayeuza kahawa na kashata mlangoni. Yupo atakayesema hasusi ili kumuumiza mtu, anasusa ili moyo wake utulie. Huyo namheshimu na sina la kubishana naye.

Kuna pia furaha, na sitaki kuizungumzia kama kitu cha kuombea radhi. Morocco ilipokuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali, Desemba 2022, mji huu ulishangilia kana kwamba ni Taifa Stars. Tangu hapo Morocco hiyohiyo imetufunga kila tulipokutana nayo: AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya Ivory Coast 3-0, kufuzu Kombe la Dunia nyumbani na ugenini, robo fainali ya CHAN (michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani), hatua ya 16 bora ya AFCON kwao. Inauma, na bado usiku ule wa Desemba ni wetu.

Kinachonisumbua zaidi kwenye vibanda siku hizi ni mikeka ya kubeti. Vijana wengi wanaangalia kona na idadi ya magoli, na mkeka ukichanika dakika ya 90 hakuna anayekumbuka nani kacheza vizuri. Hilo linastahili kususwa kabla ya Kombe lenyewe.

AFCON ya 2027 inaletwa kwetu, pamoja na Kenya na Uganda, na Arusha umepangiwa uwanja mpya wa watu 30,000. Tuliyoiuliza Qatar sasa ni yetu kujibu. Mafundi na vibarua wana mikataba ya maandishi? Akianguka mtu jukwaani, nani anamlipa mjane wake? Wachuuzi wataachwa wauze, au wataondolewa kama walivyoondolewa karibu na viwanja vya Afrika Kusini 2010? Na mashindano yakiisha, nani atautumia uwanja, kwa kuwa ule wa Manaus nchini Brazil ulichezewa mechi nne tu za Kombe la 2014 katika mji usio na timu ya daraja la juu? FIFA iko mbali na haitusikii. Mkandarasi, wizara na shirikisho letu la soka, TFF, wako hapa, wana ofisi zenye milango, na barua ya Kiswahili wanaisoma.