Je, Nairobi Iwe na Mamlaka Yake ya Viwanja?

Ukitoka uwanja wa Kasarani hadi uwanja wa City Stadium, kando ya Jogoo Road, hujatoka Nairobi, lakini umevuka mpaka wa kisheria. Viwanja vya Kasarani na Nyayo viko chini ya Sports Kenya, shirika la taifa lililoundwa na Sheria ya Michezo ya 2013. City Stadium ni wa kaunti, kwani Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti michezo na viwanja vyake. Je, kaunti nayo itunge sheria ya kuunda mamlaka yake ya viwanja, yaani shirika lake lenye bodi?

Hoja ya fedha ndiyo inayonivuta zaidi. Kifungu cha 207 cha Katiba kinaelekeza mapato ya kaunti kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa yale yaliyoondolewa kisheria. Klabu ikilipia uwanja, pesa hizo huingia chungu kimoja na ada za maegesho na leseni za biashara. Choo kikiziba, msimamizi asubiri bajeti, akigombea shilingi na zahanati na uzoaji taka. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu taasisi ya kaunti kubakiza mapato ili ijigharimie. Mamlaka ingepitia mlango huo, na malipo ya mechi ya Jumapili ingenunua bomba jipya Jumatatu.

Lakini bodi peke yake si dawa. Sports Kenya ilikuwepo, na bado Septemba 2017 CAF, Shirikisho la Soka la Afrika, iliipokonya Kenya uenyeji wa CHAN ya 2018, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, kwa kuchelewa kwa maandalizi, viwanja vikiwamo. Bodi pia ina marupurupu yake, na wawakilishi wadi wakiuliza maswali huenda wakajibiwa kwamba mamlaka inajitegemea.

Linalonitia hofu hasa ni hili: mamlaka inayoishi kwa mapato yake itamtazama kwanza mwenye pesa. Tamasha au mkutano wa injili hulipa kuliko timu ya vijana wa Kaloleni, ambao uwanja huo uko mlangoni pao.

Hata hivyo naegemea upande wa mamlaka, kwa sharti moja nisilolilegeza. Saa za mazoezi za timu za mitaani, pamoja na kiwango cha juu cha ada zao, viandikwe ndani ya sheria yenyewe. Vikiachiwa kanuni, bodi itavibadilisha kwa kikao kimoja, na hapo ni afadhali City Stadium ubaki ulivyo, chini ya kaunti.