Je, Pikapu ya Mwaka 1997 Ivute Boti Hadi Matema?

Mpwa wangu amenunua boti ya faiba yenye urefu wa mita 7 hapa Dar es Salaam, pamoja na mashine ya nguvu za farasi 40, na anataka kuipeleka kwenye shughuli ya uvuvi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, akiivuta kwa Toyota Hilux ya mwaka 1997 aliyoachiwa na baba yake. Fundi wake amemwambia gari ni chuma, asiwe na shaka. Wakubwa wa familia tumesita. Nimelipima swali hili kwa siku kadhaa, kwa kuwa atakayeshika usukani ni kijana wetu, na zaidi ya kilomita 800 za barabara hiyo wanapita watoto wa watu.

Hoja ya fundi haipaswi kubezwa. Pikapu za enzi hizo zilijengwa juu ya chasisi nzito, zikawekewa springi za pleti na ekseli ya nyuma iliyo kipande kimoja, umbo linalovumilia mzigo kuliko magari mengi ya leo yenye sura ya kazi. Injini yake ya dizeli ya lita 2.8 haina turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, wala kompyuta ya kusumbua, na ikigoma Makambako au Uyole, fundi anayeijua hatatafutwa mbali. Ni kweli pia kwamba injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa hiyo Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, itachoka kuliko Dar es Salaam. Uchovu huo, hata hivyo, dawa yake ni gia nzito, subira na jicho kwenye kipimo cha joto. Kwa upande wa kuvuta, basi, ninakubaliana na fundi: pikapu hii, ikiwa nzima, itaipandisha boti mlima Kitonga.

Shaka yangu inaanzia pale gari linapotakiwa kusimama. Tuchukue kwamba boti, mashine, mafuta, vifaa na tela lenyewe ni kilo 1,200, na pikapu ikiwa na watu na mizigo ni kilo 2,000. Nchi za Ulaya na Australia haziruhusu tela lisilo na breki zake lenyewe kuzidi kilo 750, na sababu iko wazi: juu ya hapo, tela huanza kulisukuma gari linalolivuta. Matela mengi ya boti ninayoyaona kwetu yamechomelewa mtaani kwa ekseli ya gari kuukuu, hayana breki hata kidogo, na la mpwa wangu ni mojawapo. Maana yake ni kwamba breki zilizotengenezwa kwa ajili ya pikapu na mzigo wake zitabeba kilo 1,200 zaidi ambazo karibu zote haziko hata juu ya magurudumu yake.

Kutoka Tukuyu hadi ziwani barabara inashuka kwa zaidi ya mita 1,000. Msafara wa kilo 3,200 ukishuka mita 100 tu bila kuongeza mwendo, nishati inayopaswa kupotelea mahali fulani inatosha kuchemsha lita 10 za maji. Kwa mteremko wote huo ni zaidi ya nusu pipa. Sehemu yake huchukuliwa na upepo, matairi na injini iliyo kwenye gia nzito, lakini dereva akishuka kwa gia nyepesi huku akikanyaga breki muda wote, sehemu kubwa inaishia kwenye diski na ngoma za breki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, ila yakikaa miaka mingi hufyonza unyevu, na kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali inakwenda hadi sakafuni bila kushika kitu. Nilipomuuliza mpwa wangu mafuta hayo yalibadilishwa lini, alinyamaza. Hajawahi kuyabadilisha, na marehemu baba yake hakuacha kumbukumbu yoyote.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalitaji, nami naliona zito kuliko umri wa gari. Hilux nyingi za enzi hizo zina vali ya breki juu ya ekseli ya nyuma, iliyounganishwa na fimbo nyembamba ya chuma. Mzigo ukiongezeka, kitako cha gari hushuka, fimbo inasogea, na vali huruhusu breki za nyuma zikamate zaidi. Gari likiwa tupu, vali huzipunguza ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kuserereka. Sasa sisi tuna desturi ya kuongeza pleti za springi ili gari "lisikae chini". Kitako kilichoinuliwa hivyo hakishuki hata mzigo ukiwepo, nayo vali, kwa kuwa haina macho, huamini gari ni tupu na kuzinyima breki za nyuma nguvu katika saa ambayo zinahitajika kuliko zote. Pikapu ya mpwa wangu imeongezwa pleti mbili kila upande, na fimbo ile haijawahi kurekebishwa. Kile ambacho fundi alikitaja kama ushahidi wa uimara ndicho kinachonitia hofu.

Tuliiinua kwa jeki Jumamosi iliyopita, tukaweka magogo, kisha tukaingia chini na nyundo ndogo. Sehemu kubwa ya chasisi ililia kwa sauti kavu ya chuma kizima. Karibu na mahali springi ya nyuma ya kushoto inapofungwa, sauti ikawa butu, na maganda ya kutu yakadondoka yenye unene wa ganda la yai. Mwaka 2016, nchini Marekani, Toyota ilikubali kumaliza kesi ya wamiliki waliodai kwamba chasisi za pikapu zao, zikiwamo Tacoma za mwaka 2005 hadi 2010, ziliwahi mno kuoza kwa kutu, na hayo yalikuwa magari machanga kuliko hili. Huko chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Hapa pwani gari linalovuta boti tunaliingiza kinyumenyume baharini sisi wenyewe, na chuma cha kuvutia tela kimefungwa palepale kutu inapopenda kukaa.

Upande wa tela lenyewe sitakaa sana. Boti ina mashine kisogoni, hivyo ni rahisi uzito kulalia nyuma, na tela lililozidiwa nyuma huanza kuyumba mwendo ukipanda. Inafaa takribani sehemu moja ya kumi ya uzito, kwa mfano wetu kilo 120, ilalie pikapu. Beringi zilizozamishwa majini zikaguliwe na kupakwa grisi upya kabla ya safari. Matairi yasomwe tarakimu nne za tarehe: 1418 ni wiki ya 14 ya mwaka 2018, na huo ndio umri wa tairi hata kama kashata zake bado zinaonekana mpya.

Wapo watakaosema suluhisho ni gari jipya, na kweli Hilux za karibuni huko Australia zimeidhinishwa kuvuta hadi kilo 3,500, tena zina mfumo wa kutuliza tela linaloyumba. Lakini kiwango hicho ni cha tela lenye breki. Ukiliacha tela kama lilivyo, gari jipya nalo litasukumwa mteremkoni, na dereva anayeliamini huenda akakimbia zaidi. Kutoka kilomita 60 hadi 80 kwa saa, nguvu ya mwendo ya kuzimwa na breki huongezeka kwa karibu asilimia 78.

Kwa hiyo sijamwambia mpwa wangu kwamba pikapu ya baba yake haifai. Nimemwambia boti ipande Fuso hadi Kyela, ikiwa imekaushwa mafuta na kufungwa vizuri, naye aifuate na pikapu tupu baada ya kubadilisha mafuta ya breki, kurekebisha ile vali na kukata na kuchomelea upya sehemu iliyooza. Ikishafika, pikapu ivute boti kile kipande cha mwisho hadi ufukweni, polepole, kwenye maji yasiyo na chumvi. Amekubali kuhusu vali na kutu. Kuhusu Fuso bado anapiga hesabu ya nauli, na fundi wake ameahidi kuja Jumamosi hii alale chini ya gari pamoja nasi, aisikie ile sauti kwa masikio yake.