Maua ya ukame juu ya mapaa ya Kampala

Wanaopigia debe maua yanayostahimili ukame juu ya mapaa huanza na jua la Januari na Februari, na hapo hoja yao ina nguvu. Udongo wa kina cha sentimita 10 juu ya zege hukauka upesi mno. Shubiri na kalankoe huvumilia kwa sababu huweka akiba ya maji kwenye majani manene na kufungua vinyweleo vyake, yaani vitundu vya hewa vya majani, usiku, joto likiwa limepungua. Shubiri ikichanua, ndege chozi hawakosi.

Tatizo ni kwamba Kampala hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa hushuka kati ya Machi na Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Itazame portulaka, ua dogo la majani manene, mwezi wa Aprili: majani ya juu bado yamejaa, lakini shina pale linapogusa udongo limekuwa la kahawia na laini, ukilivuta kidogo linakatika. Mwenye nyumba huona mmea umelegea, akadhani una kiu, akaongeza maji. Kumbe unaoza.

Kwa hiyo mchanganyiko wa udongo ni muhimu kuliko jina la ua. Ndoo 6 za matofali ya kuchoma yaliyopondwa vipande vya milimita 3 hadi 10, ndoo 3 za mchanga wa chembe kubwa, ndoo 1 ya mboji iliyoiva. Chekecha vumbi la matofali ulitupe, maana huziba njia za maji. Mboji ikizidi, udongo hubonyea na magugu hushangilia. Paa liwe na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, na shingo za mimea zizungushiwe kokoto ndogo. Vipandikizi vya portulaka viache kivulini siku moja jeraha likauke, kisha panda kila sentimita 20, yaani 25 kwa mita ya mraba.

Uzito nao usipuuzwe. Mchanganyiko huo ukilowa hukaribia kilo 150 kwa mita ya mraba. Mita za mraba 40 ni tani 6. Injinia apige hesabu kabla ya ndoo ya kwanza kupanda, na zege lijaribiwe kwa kutuamisha maji kwa saa 48. Uvujaji chini ya bustani ni kazi ya kufukua kila kitu.

Hoja ya wapinzani ninayoiheshimu zaidi ni ya tangi la maji ya mvua. Mvua ya milimita 20 juu ya mabati ya mita za mraba 100 ni lita 2,000, ukiacha kinachopotea njiani. Paa la maua hunywa sehemu ya maji hayo, na yanayotoka huwa na rangi ya mboji. Familia inayotegemea maji ya mvua ibaki na mabati yake. Kwa ghorofa la zege lenye maji ya bomba nauona upande wa pili: paa huchelewesha maji yanayokimbilia mfereji wa Nakivubo, ingawa likishashiba, mvua kubwa hupita tu.

Kisha kuna matunzo. Ndege na popo huangusha mbegu za miti jamii ya mutuba (ndugu wa mkuyu), ambayo huota hata kwenye ufa wa ukuta. Kila mwezi kagua na ung'oe miche hiyo ikiwa bado na majani mawili au matatu. Mzizi ukishafika kwenye karatasi ya kuzuia maji iliyo chini ya udongo, kuuvuta ni kuichana.